Chakula Kinachoota kwenye Makapi

Mwaka 1903 Kenneth Borup, aliyekuwa akisimamia kazi za ufundi za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), aliingiza Uganda mbegu za pamba ili wakulima wazijaribu. Zilistawi kuliko ilivyotarajiwa, hasa mashariki mwa nchi. Kufikia mwaka 1912 reli ilikwisha kujengwa kutoka Jinja hadi Namasagali, kwa sababu marobota ya Busoga na ya nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Kyoga yalikuwa mengi mno kubebwa vichwani. Viwanda vya kuchambua pamba vikasimama Busoga, Bukedi na kuzunguka Mbale. Nyuzi zilipakiwa melini, mbegu zikakamuliwa mafuta, na maganda makavu ya mbegu hizo yakabaki kuwa taka. Mengine yalichomwa, mengine yaliachwa yaoze kwenye malundo nje ya viwanda.

Sura hii inahusu maganda hayo, ambayo wakulima huyaita makapi, na chakula kinachoota juu yake.

Mpumudde ya Jinja ni mtaa wa kilimani, kaskazini ya mji. Ndipo Mukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro alipofariki tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya kuishi uhamishoni Shelisheli kwa zaidi ya miaka 20. Leo hapo ni mjini, watu wamejenga karibu karibu, na mwenye nyumba akibakiwa na nafasi nyuma ya jiko ya kufugia kuku wachache hushukuru. Ukitoka nje ya mji unakutana na miwa ya kiwanda cha sukari cha Kakira, maili baada ya maili, katika nchi ambayo zamani familia nyingi zililima viazi vitamu, mihogo na wimbi. Ardhi ya kulima chakula imepungua, na watoto wa kulishwa hawajapungua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 uliwakuta watoto 29 katika kila 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto hudumaa polepole, kwa sahani ambayo kila siku ina kitu cha kushibisha lakini haina kitu cha kujenga mwili.

Uyoga hauhitaji ekari, hauhitaji hata jua. Unahitaji chumba kidogo chenye unyevu, maji safi, mkono msafi na taka za shamba. Kwa familia ya Mpumudde, taka hizo zipo pande zote: makapi ya pamba, mabaki ya miwa, magunzi na mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba. Ukipanda Mbale unaongeza maganda ya kahawa, kwa maana miteremko ya Mlima Elgon imelimwa arabika kwa zaidi ya karne nzima. Mimi naamini kwamba hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote za uyoga, na nasikitika kuona ikifunikwa na kelele za wanaouuza kama dawa ya kila ugonjwa.

Uyoga tunaouzungumzia ni ule wenye umbo la upepeo au sikio, unaoota kwa mafungu, mweupe, wa kijivu, wa manjano au wa waridi. Wafanyabiashara wa Uganda huuita oista, na wakulima wengi wa Tanzania huuita mamama. Kwa asili huota kwenye magogo yanayooza. Ulimaji wake wa kitaalamu ulianza Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, pale Richard Falck alipoupandikiza kwenye visiki vya miti ili kuwasaidia watu waliokuwa na njaa. Kwa hiyo tangu mwanzo ulikuwa zao la dhiki, la watu wenye kuni nyingi na mkate haba.

Kinachouwezesha kula gogo ni vimeng'enya vyake. Mti, bua na ganda la pamba vimeshikamanishwa na lignini, kitu kigumu ambacho tumbo la binadamu haliwezi kukigusa na hata ng'ombe hukishindwa. Uyoga huu huivunja. Nyuzi zake nyeupe, nyembamba kuliko unywele, hupenya ndani ya ganda, humwaga vimeng'enya, kisha hufyonza sukari iliyofunguliwa. Lakini gogo lina upungufu mkubwa wa naitrojeni, na bila naitrojeni hakuna kiumbe kinachoweza kutengeneza protini. Uyoga umeipatia shida hii ufumbuzi wa kushangaza: unawinda. Mwaka 1984 wanasayansi wawili wa Canada, Thorn na Barron, walieleza jinsi nyuzi zake zinavyowalemaza minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, zikawaingia na kuwala. Mwaka 2023 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba silaha yenyewe ni gesi iliyohifadhiwa katika vifuko vidogo mno kwenye nyuzi hizo, ambayo humuua mnyoo kwa dakika chache. Wala hili lisimtishe mlaji. Linamfundisha mkulima: ukitaka mavuno mazuri, ongeza kwenye makapi pumba kidogo ya mahindi au ya mchele, uyoga upate naitrojeni bila kuwinda. Ukizidisha pumba, ukungu wa kijani nao utafurahia karamu hiyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Makapi hulowekwa usiku kucha, yakachujwa mpaka ukiyakamua kwa ngumi yanatoa tone moja mawili tu. Huchanganywa na chokaa kidogo na pumba, yakajazwa kwenye mifuko ya plastiki inayostahimili joto, na mifuko ikapangwa ndani ya pipa la mafuta lililosafishwa, juu ya chanja iliyo juu ya maji. Moto huwashwa na mvuke kuachwa ufanye kazi kwa saa kadhaa, ili kuua ukungu na bakteria wengine waliokuja na makapi. Kisha mifuko hupoa hadi kesho yake. Mtu mwenye haraka hupanda ikiwa bado ya moto, na mbegu yake hufa.

Mbegu ya uyoga ni nafaka, mara nyingi mtama, ambayo nyuzi za uyoga zimeshaota juu yake ikawa nyeupe pe. Hutengenezwa maabara, na ndiyo gharama ambayo mkulima hawezi kuikwepa. Kupanda ni kazi ya usafi kuliko nguvu: madirisha yamefungwa, upepo haupiti, mikono imepakwa spiriti, hakuna mazungumzo juu ya mfuko ulio wazi. Baada ya hapo mifuko hukaa gizani. Katika joto la Jinja, wiki tatu hadi nne zinatosha kuona utando mweupe umefunika mfuko mzima. Mfuko wenye doa la kijani au jeusi uondoke chumbani siku hiyohiyo, bila huruma.

Mifuko ikishakuwa myeupe hutobolewa, huletwa mwanga kiasi na hewa, na sakafu na kuta hunyunyiziwa maji mara mbili tatu kwa siku ili unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 80 na 90. Jinja, iliyo kando ya Ziwa Victoria na Mto Nile, humsaidia mkulima katika hili. Mbale hukauka zaidi miezi ya Desemba na Januari, na hapo kazi ya kunyunyizia huwa kubwa. Vichwa vidogo hujitokeza, na baada ya siku chache vinakatwa. Mfuko mmoja hutoa mavuno matatu au manne, yakipungua kila mara. Kwa kilo moja ya makapi makavu, mkulima mzuri hupata kati ya nusu kilo na kilo moja ya uyoga mbichi, wakati mwingine zaidi.

Kuni za kuchemshia mapipa ni tatizo la kweli katika mji ambao gunia la mkaa halishikiki. Wapo wanaotumia njia nyingine: makapi hulowekwa kwa saa 12 hadi 18 katika maji yenye chokaa nyingi, ukali wa chokaa ukaua vijidudu badala ya moto. Njia hii ni ya bei nafuu na inafaa sana kwa anayeanza na mifuko michache, ijapokuwa inataka chokaa halisi yenye nguvu, siyo ile iliyolala dukani ikapoteza nguvu.

Sasa tuje sahanini. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90. Katika gramu 100 kuna takriban gramu 3.3 za protini, gramu 2.3 za nyuzinyuzi, mafuta chini ya nusu gramu, na kilokalori 33 tu. Nataja tarakimu hizi makusudi, kwa sababu huko mitaani utaambiwa uyoga una protini kushinda nyama. Haiko hivyo. Sahani ya maharagwe yaliyopikwa ina protini zaidi ya mara mbili ya sahani kama hiyo ya uyoga mbichi. Kinachowachanganya watu ni uyoga mkavu, ambao maji yake yakishatoka huwa na protini kati ya gramu 15 na 30 katika gramu 100, kutegemea aina yake na makapi uliyokulia. Lakini kilo moja ya uyoga mkavu imetokana na kilo kumi za mbichi. Kwa hiyo tusiwaambie akina mama waache maharagwe. Waambiwe wautie uyoga kwenye maharagwe, au wausage mkavu na kuchanganya unga wake na wa wimbi na mahindi kwa uji wa mtoto, ambapo kijiko kimoja huongeza protini bila kuongeza ujazo kwenye tumbo dogo.

Palipo na utajiri wa kweli ni kwenye vitamini za kundi B. Gramu 100 za uyoga huu zina karibu miligramu 5 za niasini, yaani takriban theluthi ya anayohitaji mtu mzima kwa siku. Nyumba inayokula posho ya mahindi asubuhi na jioni inaihitaji mno vitamini hii, kwa kuwa mahindi yasiyotiwa chokaa hayaitoi kwa urahisi. Potasiamu ni nyingi, kama miligramu 420, na chumvi ya sodiamu ni kidogo sana. Kwa mwenye shinikizo la damu uyoga huu ni mboga nzuri, mradi mpishi asimwage chumvi na vile vipande vya kiungo cha supu vya dukani. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu aulize kwanza kliniki yake. Madini ya chuma yapo, kama miligramu 1.3, kiasi cha mboga ya kawaida. Mtoto mwenye upungufu wa damu apelekwe hospitali akapimwe malaria na minyoo, na uyoga uwe sehemu ya chakula chake anapopona.

Jambo moja ambalo hata wakulima wengi hawalijui: uyoga una ergosteroli, ambayo ikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D. Uyoga uliokulia bandani gizani hauna vitamini hiyo kwa kiasi cha maana. Ukiukata, ukaupanga na mapezi yake yakitazama juu, ukauanika jua la saa sita kwa nusu saa hadi saa nzima, vitamini D huongezeka mno. Ni kazi ya bure, na inafanyika ndani ya kazi ileile ya kukausha.

Juu ya tiba, ushahidi upo, tena wa kuvutia, ila wanaoutangaza huuvuta kupita kipimo. Uyoga huu hutengeneza lovastatini kwa kiasi kidogo, kitu kilekile ambacho mwaka 1987 kiliidhinishwa Marekani kama dawa ya kupunguza lehemu katika damu. Una pia beta-glukani, nyuzinyuzi zinazoamsha kinga ya mwili. Slovakia waliichuja wakaiita pleurani na kuijaribu kwa watoto wanaosumbuliwa na mafua na vikohozi vya mara kwa mara, na matokeo yalitia moyo. Bangladesh, mwaka 2007, watafiti waliwapa uyoga huu wagonjwa 89 wa kisukari kwa siku saba, wakauondoa kwa siku saba, wakaurudisha tena. Sukari, shinikizo la damu na lehemu vilishuka walipokula, vikapanda walipoacha. Hata hivyo mapitio ya tafiti za namna hiyo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliona kwamba majaribio ni machache, madogo, na mengi hayakupangwa kwa umakini wa kutosha. Mwelekeo ni mzuri. Uthibitisho bado.

Anayekuambia uache dawa ya kisukari kama metformini au vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu umeanza kula uyoga anahatarisha maisha yako. Hakuna ushahidi kwamba uyoga unaponya Ukimwi, wala kwamba unga wake uliofungwa kwenye kopo lenye picha nzuri unaponya saratani. Katika nchi ambayo dawa za kupunguza makali ya virusi zinatolewa bure kwenye vituo vya serikali, kumtoza mgonjwa fedha kwa ahadi kama hiyo ni dhuluma, na nasema hivyo bila kusita. Faida za uyoga huja kwa anayeula mara mbili tatu kwa wiki, mwaka hadi mwaka, mahali pa nyama yenye mafuta mengi au pa wali mtupu. Ni faida za chakula.

Na upikwe. Uyoga huu una sumu hafifu zinazoharibu chembe za damu, ambazo joto la jiko huzimaliza kabisa. Usile mbichi kwenye kachumbari.

Wapishi wa mashariki mwa Uganda hawahitaji kufundishwa namna ya kuuandaa, kwani walikuwa na uyoga kabla ya mifuko ya plastiki. Wakati wa mvua watoto wa Busoga na Buganda huokota obubaala, uyoga mdogo mweupe unaomea karibu na vichuguu vya mchwa, na nyumbani hupikwa kwenye mchuzi wa karanga na kuliwa na kalo, ugali wa wimbi. Mbale wana malewa, machipukizi ya mianzi ya Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo nayo hulowekwa, huchemshwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Mama wa Kigisu akipewa uyoga mkavu atajua la kufanya bila kuuliza: aloweke kwa maji ya vuguvugu, akamue, akaange na kitunguu na nyanya, amimine karanga, apunguze moto. Maji ya kulowekea asiyamwage, yana ladha na baadhi ya zile vitamini za B.

Ukimkaribisha mgeni, muulize kwanza ukoo wake. Ukoo wa Butiko wa Buganda mwiko wao ni uyoga, na hawaugusi. Ni ukoo wenye heshima kubwa katika historia ya ufalme, wenye ngoma yao ya Amaggunju iliyochezwa kwa ajili ya Kabaka Mulondo alipotawazwa akiwa mtoto. Jinja na Mbale zimejaa watu wa koo nyingi, na mwenyeji mwenye adabu hupika sufuria ya pili.

Uyoga mbichi haungoji. Bila friji, siku moja au mbili baada ya kukatwa huanza kulegea na kutoa harufu. Kwa sababu hiyo kila anayetaka kulima kwa kuuza anunue au atengeneze kikaushio cha jua kabla ya kuongeza mifuko, akiweka wavu kuzuia nzi. Na mtu asinunue mamia ya mifuko kwa sababu tu muuzaji ameahidi kuyanunua mavuno yote. Ahadi hiyo imewaachia wengi madeni. Mifuko 20 inatosha kumfundisha mtu kazi na kulisha nyumba yake, na majirani wakionja watauliza bei.

Yako mambo matatu ya usalama ambayo walimu wa semina huyapita haraka. Uyoga ukikomaa kupita kiasi humwaga vumbi la mbegu zake hewani kwa wingi, na anayelivuta kila siku katika banda lisilo na hewa anaweza kupata ugonjwa wa mapafu wa mzio. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka, na vaa barakoa. La pili, uyoga hufyonza metali nzito kutoka kwenye kile unachokula. Jinja ni mji wa viwanda, na kwa miaka mingi shaba ya mgodi wa Kilembe iliyeyushwa hapa. Usitumie nyasi wala majani kutoka kando ya kiwanda au mtaro wa maji machafu. Magugu maji, yaliyolisonga bwawa la Owen Falls katika miaka ya 1990, yanaweza kulimia uyoga, na Zimbabwe walifanya hivyo, lakini magugu hayo nayo hukusanya metali hizo, kwa hiyo yasitoke kwenye maji ya mji. La tatu, kujua kulima oista hakumfanyi mtu ajue uyoga wa porini. Usiokote usioujua.

Mfuko ukishachoka kuzaa, makapi yaliyobaki ni laini, meusi, na yamekwisha kuvunjwavunjwa. Yatandaze chini ya migomba, au yachanganye na samadi ukapande mboga za nakati na dodo kwenye magunia nyuma ya nyumba. Yasiyo na ukungu wa kijani yanaweza kuchanganywa kidogo kidogo kwenye chakula cha mbuzi, kwa kuwa lignini iliyokuwa ikizuia usagaji imeshapungua. Plastiki peke yake ndiyo isiyo na pa kwenda. Ikusanywe, isichomwe uani ambako watoto wanacheza.

Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020. Majiji hayo yana masoko, vituo vya afya na shule zenye majiko. Ombi langu kwa wanaoyaongoza ni dogo: wahakikishe mbegu safi ya uyoga inapatikana mashariki, karibu na wakulima, kwa bei ambayo mama wa Mpumudde anaimudu. Makapi anayo tayari.